Kwa nini bendera ya kwanza ya makoloni ya Marekani ilibeba misalaba ya mfalme waliyekuwa wakipigana naye?

Mwalimu wa Kidato cha Tatu

Ndugu wanajukwaa, salaam. Nafundisha historia katika shule ya sekondari, na tulipofika kwenye vita vya uhuru wa Marekani mwanafunzi mmoja aliniuliza swali ambalo sikutaka kulijibu kwa kubahatisha. Alikuwa ameona mchoro wa bendera iliyotumiwa na makoloni 13 mwanzoni mwa vita. Bendera hiyo ina milia 13, myekundu na myeupe ikipishana, kama ilivyo bendera ya Marekani ya leo, lakini katika pembe ya juu iliyo karibu na mlingoti, mahali ambapo sasa kuna nyota, imewekwa bendera ya Uingereza ya wakati ule: msalaba mwekundu wa Mtakatifu George juu ya msalaba mweupe wa mshazari wa Mtakatifu Andrea, kwenye uwanja wa samawati.

Swali lake lilikuwa hili: ikiwa risasi zilikwisha kulia Lexington na Concord tangu tarehe 19 Aprili 1775, na watu wakafa, iliwezekanaje jeshi la waasi lipandishe juu ya ngome zake alama ya mfalme yuleyule? Vitabu vingi nilivyonavyo vinalipita jambo hili kwa sentensi moja tu, kwamba walikuwa bado hawajaamua kujitenga. Naomba mwenye kulifahamu zaidi atueleze kama alama zile zilichaguliwa kwa kusudi, au kama watu walitumia tu vitambaa vilivyokuwa karibu. Nimeona pia bendera za msonobari na za nyoka za miaka ileile, nazo sijui zilitoka wapi.

Msomaji wa Zamani

Mwalimu, sentensi hiyo ni ya kweli, ila imebanwa mno hata haisaidii. Ili bendera ile ieleweke, inafaa kwanza tujue wenyewe walikuwa wakisema wanapigana na nani. Mwezi Julai 1775, miezi michache baada ya Lexington, Kongresi ya makoloni iliyokutana Philadelphia ilimwandikia Mfalme George wa Tatu maombi ya mwisho ya suluhu, wakijitambulisha kuwa raia wake waaminifu na kumsihi awakinge na mawaziri wake. Mfalme alikataa kuyapokea, na tarehe 23 Agosti mwaka huohuo akatangaza kwamba makoloni yamo katika uasi. Hata hivyo, kwa miezi kadhaa baadaye, George Washington na maofisa wake waliendelea kuwaita askari wa Uingereza jeshi la mawaziri. Ugomvi wao, kwa jinsi walivyoueleza, ulikuwa na Bunge lililowatoza kodi bila wao kuwa na wawakilishi humo, na pia na mawaziri waliomshauri mfalme vibaya. Walidai haki ambazo kila Mwingereza alizaliwa nazo, na mtu anayedai haki za Mwingereza hana sababu ya kuitupa bendera ya Uingereza.

Nikiisoma hivyo, naiona bendera ile kuwa hoja ya kisheria iliyoshonwa katika kitambaa. Milia 13 inasema kwamba makoloni 13 yamesimama pamoja, na misalaba iliyo pembeni inasema kwamba wanaosimama pamoja bado ni watu wa mfalme. Siamini kwamba ilichaguliwa kwa kukosa kitambaa kingine.

Meli ya kwanza inayojulikana kuipandisha ni Alfred, katika bandari ya Philadelphia, tarehe 3 Desemba 1775, na aliyeivuta kamba ni Luteni John Paul Jones, ambaye baadaye alijivunia jambo hilo katika barua zake. Tukio linalotajwa zaidi, hata hivyo, ni la tarehe 1 Januari 1776 katika kilima cha Prospect, nje ya Boston, ambako jeshi la Washington lilikuwa limewazingira Waingereza. Siku hiyo jeshi jipya la makoloni lilianza rasmi, na bendera ikapandishwa kwa heshima ya makoloni yaliyoungana. Ilitokea kwamba nakala za hotuba ya mfalme ya Oktoba, iliyowaita waasi na kuahidi kuwakomesha kwa nguvu, zilifika Boston wakati uleule. Waingereza waliokuwa mjini, walipoiona bendera ile kilimani, walidhani kwamba Wamarekani wameisoma hotuba, wameogopa, na sasa wanatoa ishara ya kujisalimisha. Washington mwenyewe aliyaeleza hayo katika barua ya tarehe 4 Januari aliyomwandikia Joseph Reed, aliyekuwa katibu wake.

Kuna mjadala hapa ambao wanafunzi wako wanastahili kuujua. Katika barua hiyo Washington anaitaja tu bendera ya muungano, wala haelezi milia. Baadhi ya wachunguzi wa bendera wanasema kwa sababu hiyo kwamba iliyopandishwa kilimani ilikuwa bendera ya kawaida ya Uingereza, bila milia yoyote, na ndiyo maana Waingereza walielewa vile walivyoelewa. Wengine wanashikilia kwamba ilikuwa ile ya milia 13. Mimi naona upande wa pili una nguvu zaidi, kwa kuwa meli za Kongresi zilikuwa tayari na bendera hiyo mwezi mmoja kabla, lakini siwezi kuwalaumu wanaoona vingine. Kwa vyovyote, siku tisa baada ya tukio lile, yaani tarehe 10 Januari, kijitabu cha Thomas Paine kilitoka Philadelphia kikimshambulia mfalme mwenyewe badala ya mawaziri wake, na kuanzia hapo hoja iliyoshonwa katika bendera ile ikaanza kupoteza watu wa kuitetea.

Baharia Mstaafu

Namuunga mkono Msomaji wa Zamani, ila naomba niongeze upande wa kazi, kwa sababu bendera ya melini si picha tu. Manowari mbili zikikutana baharini, kila nahodha hutazama kwanza bendera ya mwenzake ndipo aamue kama ataelekeza mizinga, na mtu asiyekuwa na bendera inayotambulika huhesabiwa kuwa haramia.

Tangu mwaka 1707, England na Scotland zilipoungana, meli za biashara za Uingereza na za makoloni yake zilipeperusha bendera nyekundu yenye ile misalaba pembeni. Kila bandari ya Marekani ilikuwa nazo ghalani. Mshonaji akishona vipande sita vya kitambaa cheupe kwenye uwanja mwekundu wa bendera kama hiyo, anapata milia 13 bila kugusa pembe. Hili halipingani na maelezo ya kwamba walikusudia maana fulani, bali linaonyesha jinsi kusudi hilo lilivyoweza kutekelezwa kwa siku chache tu. Daftari la mfanyabiashara mmoja wa Philadelphia linamtaja mshonaji aitwaye Margaret Manny kuwa alipewa vitambaa vya bendera za meli, na wengi humhesabu yeye kuwa ndiye aliyeshona ile ya Alfred.

Kuna watu watakaokwambia kwamba bendera hii iliigwa kutoka Kampuni ya Uingereza ya India Mashariki, ambayo meli zake zilipeperusha, hasa katika Bahari ya Hindi, bendera ya milia myekundu na myeupe yenye misalaba hiyohiyo pembeni. Mfanano upo na ni mkubwa. Hata hivyo, idadi ya milia ya Kampuni haikuwa maalumu, ilibadilika mara kwa mara, na tena chai iliyotupwa baharini Boston tarehe 16 Desemba 1773 ilikuwa mali ya Kampuni hiyo. Sioni ni kwa nini watu waliomwaga chai yake wangependa kuvaa nembo yake miaka miwili baadaye, na sijaona ushahidi wa maandishi unaoziunganisha bendera hizo mbili.

Jambo ambalo ningependa Mwalimu awaambie vijana ni la kisiwa cha Sint Eustatius, koloni la Waholanzi katika Karibi. Makoloni yalitangaza uhuru tarehe 4 Julai 1776, lakini Kongresi haikuleta bendera mpya kwa karibu mwaka mzima. Kwa hiyo meli ya Andrew Doria ilipoingia katika bandari ya kisiwa hicho tarehe 16 Novemba 1776, ikiwa na nakala ya Tangazo la Uhuru ndani yake, ilikuwa ingali inapeperusha milia 13 pamoja na misalaba ya mfalme. Ilipiga mizinga ya heshima, na kwa amri ya Gavana Johannes de Graaff ngome ya Oranje ikaijibu. Hiyo ni mojawapo ya mara za kwanza kabisa ambapo bendera ya Marekani huru ilipewa heshima na maofisa wa nchi ya kigeni, nayo ilipewa ikiwa bado imebeba alama ya Uingereza. Waingereza walikasirika sana. Mwaka 1781 Admirali Rodney alikiteka kisiwa kile na kukipora, na ingawa kosa kubwa la kisiwa hicho machoni pa Waingereza lilikuwa biashara ya baruti na silaha, ile mizinga ya heshima haikusahauliwa.

Binti Pangani

Kaka zangu wameeleza vizuri mambo ya mwaka 1775 na 1776, lakini ugomvi juu ya msalaba katika bendera ulianza Massachusetts zaidi ya miaka 140 kabla, na bila habari hiyo msonobari hauwezi kueleweka.

Mwaka 1634 katika mji wa Salem, uleule ambao katika karne ya 19 meli zake zilikuwa zikileta merikani Unguja, kiongozi mmoja aitwaye John Endecott aliukata msalaba mwekundu wa Mtakatifu George kutoka katika bendera ya wanamgambo. Hakuwa akipinga utawala wa mfalme. Alikuwa Mpuritani mkali, yaani Mprotestanti aliyetaka kuondoa kanisani kila kilichobaki cha Kikatoliki, naye aliamini kwamba msalaba ule ulikuwa masalia ya Upapa na kwamba kuufuata vitani ni ibada ya sanamu. Viongozi wenzake waliingiwa na hofu, kwa sababu habari ikifika London ingesomwa kuwa uasi, na wengi wao, kwa upande mwingine, walikubaliana naye moyoni. Mwaka uliofuata mahakama kuu ya koloni ilimkaripia kwa kutenda jambo hilo bila busara na ikamzuia kushika cheo chochote kwa mwaka mmoja, huku msalaba wenyewe haukurudishwa katika bendera za wanamgambo. Mwaka 1636 manahodha wa meli walilalamika kwamba hawaoni bendera ya mfalme mahali popote, nao viongozi wakatafuta njia ya katikati: vikosi vya miji vibaki bila msalaba, lakini ngome ya kisiwa cha Castle, iliyolinda lango la bandari ya Boston, ipeperushe bendera ya mfalme kwa kuwa ngome ni ya mfalme. Kila nikifikiria habari hii naona wazi kwamba koloni lile lilijua tangu mapema kusema mambo mawili kwa wakati mmoja kwa njia ya bendera.

Baadaye msalaba ulirejea, na katika bendera nyekundu ya New England, yaani makoloni ya kaskazini yakiwamo Massachusetts, ukaongezwa mti mdogo wa kijani pembeni. Msonobari ulikuwa pia katika shilingi za fedha za Massachusetts zilizoandikwa mwaka 1652, na haikuwa ajabu, kwa sababu mti huo ndio uliokuwa utajiri wa nchi. Misonobari myeupe ya huko ilikuwa mirefu na iliyonyooka kiasi kwamba jeshi la majini la Uingereza liliitegemea kwa milingoti ya manowari. Hati ya koloni ya mwaka 1691 ilisema kwamba kila mti wenye kipenyo cha inchi 24 au zaidi, ulioota kwenye ardhi isiyokuwa imegawiwa watu, ni mali ya mfalme, na wapimaji wake waliichonga alama ya mshale katika magome. Anayeukata bila ruhusa alitozwa pauni 100. Sheria zilizofuata zikaendelea kubana, hata mwenye shamba akajikuta anaishi chini ya miti asiyoruhusiwa kuigusa. Mwezi Aprili 1772, huko Weare katika koloni la New Hampshire, wenye viwanda vya mbao walimvamia sherifu aliyekwenda kuwakamata kwa sababu ya magogo hayo, wakamchapa fimbo usiku na kumfukuza mjini akiwa juu ya farasi waliyemkata masikio.

Kwa hiyo Joseph Reed, yuleyule aliyeandikiwa barua na Washington, alipopendekeza tarehe 20 Oktoba 1775 kwamba meli ndogo za Washington zipeperushe bendera nyeupe yenye mti katikati na maneno ya kukata rufaa kwa Mbingu, hakuna mtu wa New England aliyehitaji kuelezwa ni mti gani. Maneno yale yanatoka katika fikra za mwanafalsafa Mwingereza John Locke, aliyefundisha kwamba raia akidhulumiwa na pasiwe na hakimu wa kumsikiliza duniani, amebakiwa na rufaa kwa Mbingu, na mfano alioutoa ni wa Yeftha katika kitabu cha Waamuzi, sura ya 11, aliyemwachia Mungu ahukumu kati ya Israeli na wana wa Amoni kisha akaingia vitani. Angalieni kwamba katika bendera hii hakuna msalaba wa mfalme hata kidogo, ingawa ilitangulia ile ya Alfred kwa wiki kadhaa. Hapo ndipo ninapotofautiana kidogo na Msomaji wa Zamani: hapakuwa na hatua moja iliyonyooka kutoka utii hadi uhuru. Zote mbili zilipepea kwa wakati mmoja, ndani ya jeshi moja.

Mwalimu wa Kidato cha Tatu

Nawashukuru sana, nimenakili yote. Dada Binti Pangani, habari ya Endecott nitaianza nayo kipindi kijacho. Nimebakiwa na mawili: nyoka, na maana ya rangi. Vitabu vya watoto vinasema nyekundu ni ushujaa, nyeupe ni usafi, samawati ni haki. Je, waliozichagua ndivyo walivyosema?

Kalamu ya Kasuku

Nianze na nyoka, Mwalimu. Tarehe 9 Mei 1754 Benjamin Franklin alichapa katika gazeti lake la Philadelphia mchoro wa nyoka aliyekatwa vipande vinane, kila kipande kikiwa na herufi za koloni au eneo lake, na chini yake maneno ya kuwataka waungane au wafe. New England yote ilikuwa kichwa. Georgia na Delaware hazikuwekwa. Adui aliyekusudiwa wakati huo alikuwa Mfaransa, na Franklin alitaka makoloni yajipange pamoja chini ya mfalme wa Uingereza. Mwaka 1765, ilipopingwa Sheria ya Stempu, iliyotoza kodi karatasi zilizotumika katika makoloni, mchoro huo ulirudi magazetini, na mwaka 1774 ukarudi tena, safari hii mwenye kutishwa akiwa Uingereza yenyewe.

Kufikia mwisho wa mwaka 1775 vipande vilikuwa vimeunganika. Ngoma za wanamaji wapya zilichorwa nyoka mwenye njuga mkiani, na mwezi Desemba makala moja ya gazeti la Philadelphia, ambayo inaaminika kuwa ni ya Franklin ingawa hakutia jina lake, ilieleza kwa nini mnyama huyo anaifaa Marekani. Hapatikani mabara mengine. Hana kope za kufumba, hivyo ni alama ya kukesha. Haanzi ugomvi, lakini akishaingia vitani hasalimu amri, na kabla ya kuuma humwonya hata adui yake. Tena mwandishi alizihesabu njuga zilizochorwa, akaona ni 13, na akasifu kwamba kila moja imejitenga na nyingine na bado zote zimeshikamana, hata njuga moja peke yake haiwezi kutoa sauti.

Christopher Gadsden wa South Carolina ndiye aliyempa kamanda wa meli za Kongresi, Esek Hopkins, bendera ya manjano yenye nyoka huyo amejikunja tayari kwa shambulio na maneno ya kumwonya mtu asimkanyage, na tarehe 9 Februari 1776 akaikabidhi nakala yake kwa kongresi ya koloni lake huko Charleston. South Carolina ilikuwa pia na bendera ya samawati yenye hilali nyeupe, iliyopepea katika ngome ya kisiwa cha Sullivan tarehe 28 Juni 1776. Mlingoti ulipovunjwa kwa risasi ya mzinga, Sajini William Jasper aliruka nje ya ukuta, akaiokota na kuisimamisha tena.

Msomaji wa Zamani

Kuhusu rangi, jibu fupi ni hapana. Azimio la Kongresi la tarehe 14 Juni 1777 linasema tu kwamba bendera iwe na milia 13 myekundu na myeupe, na kwamba pembeni ziwe nyota 13 nyeupe katika uwanja wa samawati, zikiwakilisha kundi jipya la nyota mbinguni. Halielezi maana ya rangi, na halielezi hata nyota zipangwe vipi, ndiyo maana bendera za wakati ule zina mipango mingi. Maelezo ya ushujaa, usafi na haki yaliandikwa na Charles Thomson mwaka 1782, naye alikuwa akieleza Muhuri Mkuu wa nchi. Rangi zenyewe chanzo chake kilicho wazi ni bendera ya Uingereza, na nyota ziliingia palepale ilipotolewa misalaba.

Mwenye ushahidi wa maandishi wa kuchangia mchoro huo ni Francis Hopkinson wa New Jersey, aliyetia sahihi Tangazo la Uhuru. Mwaka 1780 aliomba alipwe kipipa cha mvinyo wa serikali kwa kazi za kubuni nembo, bendera ikiwamo, na akanyimwa kwa hoja kwamba si yeye peke yake aliyeshauriwa. Simulizi ya Betsy Ross kushona bendera ya kwanza mbele ya Washington ilitolewa hadharani na mjukuu wake mwaka 1870, karibu miaka 100 baadaye, na mimi siifundishi kama historia.

Binti Pangani

Nakubaliana nawe juu ya simulizi hiyo, lakini usimwondoe mama huyo kabisa. Bodi ya jeshi la majini la Pennsylvania ilimlipa mwezi Mei 1777 kwa kushona bendera za meli, na hati ya malipo ipo. Kazi hii ilikuwa mikononi mwa wanawake wa Philadelphia kama yeye, Margaret Manny na Rebecca Young, ambaye bintiye Mary Pickersgill ndiye aliyeshona mwaka 1813 ile bendera kubwa ya ngome ya McHenry, futi 30 kwa 42.

Mwalimu, kuna bendera moja ambayo ningeomba wanafunzi wako waione. Boston ilikuwa na kikosi cha watu weusi kilichoitwa Bucks of America, kiongozi wake akiwa George Middleton, na Gavana John Hancock alikikabidhi bendera ya hariri nyeupe mbele ya nyumba yake. Ina nyota 13 pembeni, jina la kikosi, na katikati swala dume anayeruka chini ya msonobari, mti uleule wa New England. Imehifadhiwa na Chama cha Historia cha Massachusetts mjini Boston, na ni mojawapo ya vitu vichache sana vilivyobaki vya kikosi hicho, kwa kuwa habari zake nyingine karibu zote hazikuandikwa.